Mwanachama wa Wastani

Msiitafute Shwarini kwenye ramani. Ramani huchorwa na watu wanaopima, na sisi Washwarini tuliacha kupima zamani kwa kuwa kila tulipopima tulikuta tumepungua. Lakini ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Hesabu Njema, na ina Chama cha Watakwimu chenye tovuti inayoonewa wivu mpaka na majirani. Habari ninayowapa inahusu tovuti hiyo. Nawapa bila chuki na bila kutia chumvi. Mimi ni raia mwema, kodi nalipa, na msafara wa mkubwa ukipita huvua kofia hata siku ambazo sikuvaa.

Tovuti ilizinduliwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kidawa Mtengule. Kompyuta ilifungwa utepe wa rangi za taifa, ukazungushwa vizuri mpaka nyuma, na kwa bahati mbaya ukapita pamoja na waya wa umeme. Mheshimiwa akapewa mkasi, akakata vyote viwili. Tovuti ikazimika kabla haijawaka. Tukapiga makofi mengi sana.

"Nchi nyingine zina takwimu zinazosema ovyo," alisema Mheshimiwa, huku mafundi wakiunga waya miguuni pake. "Sisi tuna takwimu zenye adabu. Namba ya Mshwarini haimtazami mkubwa usoni. Namba ya Mshwarini inapiga hodi, inasubiri, na ikiambiwa irudi kesho inarudi kesho ikiwa imejirekebisha!"

Waya ulipoungwa tukaiona. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye pia ni Mtakwimu wa Kwanza, kwa sababu utotoni alipewa ng'ombe wa jirani awachunge, na jioni walipohesabiwa walikuwa wameongezeka upande wa kwao. Kulikuwa na ukurasa wa Salamu, ukurasa wa Pongezi, na ukurasa wa Rambirambi ulioandikwa kwamba bado unaandaliwa. Kulikuwa na ukurasa wa Makala za Wanachama, ambako Mwenyekiti wa Chama, Profesa Kasyupa, aliweka picha zake za likizo. Lakini fahari yenyewe ilikuwa ukurasa wa Wanachama. Kila mtakwimu alikuwa na picha yake, umri wake, idadi ya watoto wake, maoni yake, na pembeni kitone cha kijani chenye neno "Yupo".

"Hakuna pengo hata moja," Profesa Kasyupa alikuwa akiwaambia wageni, akishusha ukurasa taratibu kwa kidole. "Tazameni wenyewe. Ukamilifu!"

Mtunza tovuti alikuwa Chande, mtu mpole aliyevaa sweta mwaka mzima kwa ajili ya kiyoyozi cha ofisini. Profesa akisema "ukamilifu", yeye aliangalia viatu vyake.

*

Mambo yalianzia Bonde la Mfuro. Huko watu walikuwa wakiugua tumbo la msimu. Sisi hatuna kipindupindu, kilifutwa kwa tangazo. Tuna tumbo la msimu, ambalo humpata mtu akinywa maji, na kumwacha akishazikwa. Wizara ya Hesabu Njema ilikuwa imeshatoa idadi ya waliofariki: "wachache". Idadi hiyo ilisomwa redioni kwa sauti nzuri na watu wakaendelea na shughuli zao.

Sasa Chama kilikuwa na mwanachama mmoja aitwaye Dakta Habibu Lugendo. Alikuwa mtakwimu wa namna ya kizamani, wale wanaodhani kuhesabu ni kwenda mahali. Akapanda basi, akaenda Mfuro, akatembea na wachimba makaburi, akarudi. Akamsomea mkewe maneno, mkewe akayaandika kwenye kompyuta, kwa sababu Dakta mwenyewe alichapa kwa kidole kimoja na kila herufi aliitafuta kama aliyeangusha funguo. Kisha wakaiweka makala ile tovutini, chini ya picha za likizo za Profesa.

Haikuwa na tusi wala lawama. Ilikuwa na namba moja, na chini yake sentensi hii: "Haya ni makaburi niliyoyaona kwa macho. Ambayo sikuyaona sikuyahesabu."

Ilikaa pale tangu asubuhi hadi saa ya chai. Ndipo simu ya Profesa ikalia.

"Profesa," ilisema sauti ya Mheshimiwa Kidawa, "kuna namba hapa imenikodolea macho."

Profesa alisimama wima ofisini peke yake. "Mheshimiwa, nimeiona. Hiyo tunaiita namba iliyojitenga. Hutokea. Kitaalamu, namba ikiwa mbali mno na wenzake, tunaiangalia upya, na ikibidi tunaiondoa isije ikaharibu wastani."

"Iondoeni. Na aliyeileta?"

"Aliyeileta, Mheshimiwa?"

"Nauliza kitaalamu. Naye amejitenga na wenzake?"

Sisemi Profesa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba inayojengwa, na paa lilikuwa bado.

"Kwa kweli, Mheshimiwa," alisema, "hata kwenye chai huwa anakaa peke yake."

Jioni ile gari la polisi lilisimama nyumbani kwa Dakta Lugendo. Alikuwa uani akimsaidia mkewe kuchambua choroko. Vijana waliokuja walikuwa na heshima zao, walimwamkia.

"Shikamoo mzee. Kuna maelezo madogo tu yanahitajika."

"Marahaba. Ngojeni nivae viatu."

"Viatu vya nini, mzee? Unarudi sasa hivi."

Akaenda na kandambili zake za bluu, ile ya kushoto ikiwa imeshonwa kamba kwa uzi mweupe. Mkewe, ambaye mtaani tunamwita mama Salha kwa jina la binti yao, alifunika choroko na sinia akasubiri. Sasa hivi hiyo haijafika mpaka leo.

*

Wiki iliyofuata Chande alipewa amri afute yote ya Dakta Lugendo. Akafuta. Kwenye ukurasa wa Wanachama pakabaki mraba mweupe.

Profesa alipouona alishika kifua. "Pengo!"

"Si umesema nifute, Profesa?"

"Nimesema ufute, sikusema uache pengo! Wewe si mtakwimu? Tunafanyaje jibu likikosekana?"

Hapa inabidi niwaeleze wasiojua. Ukiwauliza watu umri wao na mmoja asijibu, mtakwimu hasumbuki kumfuata mpaka kwake. Anachukua umri wa wastani wa waliojibu, anamjazia, na kazi inaendelea. Utaratibu huo unafundishwa vyuoni, una vitabu vyake. Kosa ni letu Washwarini kudhani kwamba kinachofaa kwa umri wa mtu kinafaa kwa mtu mwenyewe.

Chande akamjaza Dakta Lugendo. Akampa umri wa wastani na watoto wawili na kitu. Kuhusu picha, alizipanga picha za wanachama wote moja juu ya nyingine mpaka ukapatikana uso mmoja. Ulikuwa uso wa mwanamume mwenye masharubu hafifu, asiyecheka wala kununa, na kwa kuwa Chama kina wanachama wanawake, kichwani alikuwa na kivuli cha kitambaa. Kwenye maoni yalijazwa maoni ya wastani ya Chama, ambayo hayakuhitaji hesabu ndefu. Hoja yoyote ikiwekwa tovutini, mashine ingemjibia papo hapo: "Naunga mkono hoja." Kitone cha kijani kikawaka. Yupo.

Profesa alifurahi mno. Na wanachama wengine walipoona jinsi marehemu, samahani, jinsi mwenzao anavyounga mkono upesi bila jasho, wakaingiwa na hofu ya kuonekana wao ndio wazito. Mmoja mmoja wakamfuata Chande, wakamwomba awafungie na wao mtambo ule ule. Profesa akafungiwa. Mheshimiwa Waziri, ambaye ni mwanachama wa heshima, akapiga simu kuulizia na wa kwake. Baada ya hapo hoja zilikuwa zinapita kabla hazijasomwa.

*

Mama Salha alikwenda kituo cha polisi kuripoti kwamba mumewe amepotea. Mezani palikuwa na Koplo Mazoya, mtu mkunjufu aliyekuwa akila mihogo.

"Jina la mumeo, mama?"

"Habibu Lugendo. Daktari wa takwimu."

Koplo akafuta mikono, akatoa simu, akafungua tovuti ya Chama. Akaangua kicheko cha mtu aliyefurahi kumsaidia mwenzake. "Mama, mbona unajitia presha bure? Huyu hapa. Yupo. Kitone cha kijani. Tena leo asubuhi ameunga mkono hoja."

"Afande, huyo si mume wangu. Mume wangu hana masharubu."

"Wanaume hufuga, mama."

"Na hicho kitambaa kichwani?"

Koplo akaisogeza simu karibu na macho, akaitazama kwa muda. "Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yenu," alisema kwa upole. "Mimi siyaingilii."

"Basi niandikie tu kwamba hajarudi nyumbani."

"Siwezi kumtafuta mtu aliyepo, mama. Sheria hainiruhusu. Huyo aondoke kwanza hapa, ndipo mimi niweze kuandika kwamba hayupo."

Mama Salha akatoka hapo moja kwa moja hadi ofisi za Chama. Kufikia wakati huo maisha yake yalikuwa yameshaharibika kwa namna ambayo haina jina. Mtaani walisema mumewe kapata mke mdogo mwenye kompyuta. Wakwe zake walikataa kusoma dua ya mtu ambaye kila asubuhi anatoa maoni. Shuleni kwa Salha walitaka sahihi ya baba, na alipoeleza, mwalimu akamwonyesha kitone.

"Profesa, shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu. Mzee hajambo?"

Mama Salha akamtazama mpaka Profesa akaanza kupanga kalamu zake upya.

"Sikuja kuomba msaada," mama Salha alisema. "Nimekuja kuomba pengo. Ile nafasi ya mume wangu muiache tupu. Hata jina msiweke. Mkiniachia nafasi tupu, polisi watanisikiliza."

"Mama, hilo unaloliomba ni zito kitaalamu. Pengo moja linavuta jingine. Leo wewe unataka pengo, kesho na jirani yako atalitaka. Tutafika wapi? Chama hiki kinasifiwa kwa ukamilifu mpaka ng'ambo. Na kusema kweli," Profesa aliinama mbele, akapunguza sauti kama anayemfariji mfiwa, "huyu tuliyemweka anahudhuria kuliko yule."

Mama Salha alinyanyuka bila kuaga. Chande alimfuata hadi kwenye ngazi, sweta lake akilivuta kwa mikono yote miwili.

"Mama, mimi siwezi kumtoa. Nikimtoa, mashine inamrudisha yenyewe. Niliitengeneza hivyo, nikapongezwa." Alitazama nyuma. "Lakini neno lake la siri sikulibadilisha. Sikuambiwa nilibadilishe."

Akarudi ofisini haraka.

*

Mwanzoni mama Salha hakuelewa afanye nini na maneno yale. Aliazima simu ya jirani, akafungua ukurasa wa mumewe, akaandika pale pa kuandikia wanachama: "Baba Salha, uko wapi?"

Jibu halikuchelewa. "Naunga mkono hoja."

"Wamekupiga?"

"Naunga mkono hoja."

"Unakula?"

"Naunga mkono hoja."

Alicheka. Alicheka mpaka jirani akaogopa akamnyang'anya simu, ndipo akalia. Nimesema mimi ni raia mwema na sina neno na mtu. Lakini hapo, nilipohadithiwa, niliona uchungu ambao sikujua nauweka wapi, na mpaka sasa sijapata pa kuuweka.

Siku ya pili aliomba tena simu. Safari hii hakumwandikia mumewe. Aliingia kama mumewe. Neno la siri alilijua, yeye ndiye aliyekuwa akimchapia. Mashine ikamkaribisha: "Karibu tena, Dakta Lugendo." Akaenda kwenye ukurasa wa hoja, ambako huandika wanachama peke yao, akaandika taratibu, akiyasikia maneno kwa sauti yake mumewe jinsi alivyozoea kumsomea:

"Hoja: Kwamba mimi, Habibu Lugendo, sipo. Nilichukuliwa nyumbani kwangu na gari la polisi nikiwa na kandambili. Chama kinataka nitafutwe."

Akabonyeza.

Dakta Lugendo akaunga mkono hoja. Profesa Kasyupa akaunga mkono hoja. Wanachama wote, waliokuwa kazini na waliokuwa saluni na waliokuwa wamelala, wakaunga mkono hoja. Mheshimiwa Kidawa Mtengule akaunga mkono hoja. Na kwa mujibu wa katiba ya Chama, hoja inayoungwa mkono na wote bila kupingwa inapanda yenyewe ukurasa wa mbele, chini ya picha ya Mlezi Mkuu, na sahihi yake inajiweka yenyewe ikiwa na neno "Naafiki". Kifungu hicho alikibuni Profesa, ili kumwondolea Mlezi usumbufu wa kusoma.

*

Mheshimiwa Kidawa alifika ofisini kwa Chama bila msafara, akiwa na kiatu kimoja hakijafungwa vizuri.

"Nani kaunga mkono upuuzi huu?"

"Wote, Mheshimiwa," alisema Profesa. Jasho lilikuwa limeloweka kola yake. "Na wewe pia."

"Mimi? Mimi nilikuwa kwenye harusi!"

"Uliunga mkono ukiwa harusini, Mheshimiwa."

"Basi tangazeni kwamba aliyeileta hoja si mtu wa kweli. Ni mashine."

"Nimelifikiria hilo. Tukisema mtoa hoja si Lugendo wa kweli, tumekiri kwamba Lugendo hayupo, na hoja imepita. Tukisema ni Lugendo wa kweli, basi mwanachama halali ametoa hoja halali, na hoja imepita." Kwa dakika ile Profesa alisahau hofu, akaliona tatizo kama fundi anavyoiona saa iliyofunguliwa. Macho yakamng'aa. "Ni jambo zuri sana, kitaalamu."

Mheshimiwa alimwangalia namna ile aliyoiangalia namba ya Mfuro. "Leteni mkasi," alisema.

Ukaletwa mkasi ule ule wa uzinduzi, ulikuwa umehifadhiwa kwenye kabati la kioo. Mheshimiwa akakata waya kwa mkono wake. Safari hii hapakuwa na utepe wala makofi. Ukurasa wa mbele ukatoweka, na Salamu, na Pongezi, na likizo za Profesa, na vitone vyote vya kijani. Redio ikatangaza kwamba tovuti ya Chama cha Watakwimu imepumzishwa kwa heshima. Chande aliitwa Wizarani aeleze kidogo jinsi mtambo unavyofanya kazi. Bado anaeleza.

Ila kwa pupa ile, wakubwa wetu walisahau jambo moja. Mama Salha alikuwa ameomba nafasi tupu, na sasa nchi nzima ilikuwa nafasi tupu. Asubuhi alivaa gauni lake la Idi, akaenda kituoni.

Koplo Mazoya alitoa simu, akafungua tovuti. Akaonyesha uso wa kushangaa, akaipigapiga simu kwenye kiganja, akafungua tena.

"Hayupo," alisema mwishowe.

"Ndiyo nilichokuwa nakwambia, afande."

Koplo alikuwa mtu wa sheria. Akavuta kitabu kikubwa, akafungua ukurasa mpya, akachukua kalamu. "Jina."

"Habibu Lugendo."

"Mavazi?"

"Shati la kijivu. Kandambili za bluu. Ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweupe, niliishona mimi."

"Mara ya mwisho alionekana wapi?"

"Mlangoni kwangu, akipanda gari."

"Gari la nani?"

Mama Salha alinyoosha kidole dirishani. Uwanjani, kijana mmoja wa polisi alikuwa akiosha gari. Milango yote ilikuwa wazi, na makapeti yake yameanikwa juani kwenye ukuta.

"Lile."

Koplo aliweka kalamu chini. Aliiweka polepole, akaifunika kifuniko. "Mama," alisema, "mtandao unasumbua leo. Njoo kesho."

"Mtandao wa nini, afande? Si unaandika kwa kalamu?"

Koplo alichukua mhogo, akaurudisha kwenye sahani.

Mama Salha akatoka nje. Koplo alimwona kupitia dirisha akivuka uwanja, akampita yule kijana mwenye ndoo, akasimama mbele ya makapeti. Aliinama penye vitu vilivyotolewa garini. Alikaa pale ameinama mpaka kijana akaacha kuosha, akabaki na tambara mkononi. Kisha akarudi, akaingia ndani, akaweka kitu mezani juu ya ukurasa mpya wa kitabu. Kilikuwa bado kimelowa, na maji yakaanza kuenea kwenye karatasi. Uzi mweupe haukuwa mweupe tena.

"Andika kandambili moja, ya kushoto," alisema. "Nimeiona kwa macho."

Koplo akaichukua kalamu.

"Ya kulia sijaiona," alisema mama Salha. "Usiihesabu."